Goti Juu ya Mkeka

Mwaka 1988 Nicholas Bellamy, daktari wa maungio aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alichapisha pamoja na wenzake orodha ya maswali 24 ya kumwuliza mtu anayeumwa goti au nyonga. Matano ni ya maumivu, mawili ni ya ukakamavu wa kiungo, na 17 yaliyobaki ni ya shughuli za kila siku: mtu anataabika kiasi gani kupanda na kushuka ngazi, kuingia na kutoka garini, kuvaa soksi, kuvua soksi, kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea, kuketi chooni na kuinuka. Orodha hiyo huitwa WOMAC, ufupisho wa majina ya vyuo vikuu viwili vya huko, Western Ontario na McMaster. Tangu wakati huo, unaposikia kwamba dawa fulani imethibitishwa kutuliza goti, mara nyingi maana yake ni kwamba alama za WOMAC za waliotibiwa zilishuka kuliko za wenzao.

Sasa ipeleke karatasi hiyo Garissa. Mpe mama anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara, aliyeketi chini tangu alfajiri na madumu yake mbele yake. Ana ndara miguuni, hajavaa soksi. Anaoga kwa kata na ndoo. Nyumba yake haina ghorofa, na gari analopanda ni bajaji. Anachokitaka kwa goti lake hakimo katika yale maswali 17: kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta, kukaa mkekani pamoja na watu, na kusujudu. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, kila moja ina sijda mbili, kwa hiyo husujudu mara 34 kabla hajaongeza sunna hata moja. WOMAC inauliza kuhusu kuinama kufikia sakafu, ni kweli, lakini anayeinama na anayepiga magoti hawatumii goti kwa namna moja. Katika tahiyatu goti hukunjwa hadi kisigino kikaribie paja, na hapo ndipo goti bovu hugoma kwanza.

Waliotafsiri orodha hiyo kwa Kiarabu huko Tunisia na Morocco waliikuta shida hiyohiyo, wakalazimika kuirekebisha ilingane na maisha ya kwao. Huku Kaskazini Mashariki mwa Kenya, tafiti za tiba ya goti hufika zikiwa zimeshakamilika, na soksi zake.

Hata hivyo, ukizisoma tafiti hizo moja baada ya nyingine, unaona jambo ambalo si rahisi kulitarajia. Kwa miaka 25 hivi majaribio ya kitabibu yamekuwa yakiangusha tiba za gharama kubwa na kuacha zimesimama zile za bei ndogo. Mtu wa Garissa aliyekuwa akidhani amenyimwa tiba nzuri kwa sababu anaishi kilomita zaidi ya 360 kutoka Nairobi, kwa kiasi kikubwa amekoseshwa vitu ambavyo havifanyi kazi.

Ugonjwa wenyewe ni osteoathraitisi. Wengi huuweka katika kapu moja na kila maumivu ya viungo na kuyaita yote baridi yabisi. Gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa, hupungua. Mfupa ulio chini yake hunenepa na kuota vijipembe. Utando wa kiungo huvimba. Misuli ya paja hulegea. Zamani walifundisha kwamba goti huchakaa tu, basi. Siku hizi watafiti wanaliona kuwa ni kiungo kizima kinachojaribu kujikarabati na kushindwa. Mwaka 1957 Jonas Kellgren na John Lawrence wa Manchester walipanga picha za eksirei za goti katika daraja kutoka 0 hadi 4, na daraja hizo bado zinatumika. Tatizo ni kwamba picha na maumivu haviendi pamoja. Kuna mwenye daraja la 4 anayechunga mbuzi kutwa, na mwenye daraja la 2 asiyelala usiku.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Ni karibu milioni mbili na nusu. Wangapi kati yao wana ugonjwa huu? Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba takwimu nyingi za osteoathraitisi barani zinatoka Afrika Kusini, kwa hiyo anayetaka kukisia ya Wajir hulazimika kuazima goti la mbali.

Hadithi ya majaribio yenyewe inaanzia Houston, Texas, katika hospitali ya askari wastaafu. Bruce Moseley alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa na pia daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets. Kama wenzake wengi, alikuwa akiwatia wagonjwa wa osteoathraitisi kamera ndogo ndani ya goti, akilisafisha kwa maji na kukwangua gegedu lililochanika. Wagonjwa walishukuru. Nelda Wray, mtafiti wa hospitali hiyohiyo, alimwuliza swali ambalo madaktari wa upasuaji hawakuzoea kuulizwa: unajuaje kwamba si ile hali ya kupasuliwa tu inayowapa nafuu?

Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ilitisha. Wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wa kwanza walikwanguliwa goti, wa pili wakasafishwa kwa maji, na wa tatu walichanjwa ngozi mahali pa kupitishia kamera kisha wakashonwa, goti lao halikuguswa kwa ndani. Daktari alifungua bahasha akiwa tayari ndani ya chumba cha upasuaji ndipo ajue afanye nini. Mgonjwa hakuambiwa yuko kundi gani. Watu 324 walikuwa na sifa za kuingia katika jaribio hilo. 144 walikataa, na ni nani atakayewalaumu? Waliokubali waliandika kwa mkono wao wenyewe kwamba wanaelewa huenda wakapasuliwa kwa kuigiza tu.

Walifuatiliwa miaka miwili. Matokeo yalitoka Julai 2002: makundi yote matatu yalipata nafuu ileile. Hakuna wakati wowote ambapo waliokwanguliwa au kusafishwa waliwazidi wale waliochanjwa ngozi tu. Wakati huo Marekani peke yake ilikuwa ikifanya upasuaji wa aina hiyo zaidi ya mara 650,000 kwa mwaka, kila mmoja ukigharimu kama dola 5,000. Madaktari wa mifupa walikasirika. Walisema askari wastaafu, karibu wote wanaume, si mfano wa watu wote. Wakanada wakarudia swali hilo kwa namna nyingine mwaka 2008, wagonjwa 178, kundi moja likipewa upasuaji pamoja na mazoezi na dawa, jingine mazoezi na dawa bila upasuaji. Jibu halikubadilika.

Mlango wa upasuaji huo ulipoanza kufungwa, sindano na vidonge vikabaki. Glukosamini na kondroitini, vile vidonge vinavyotengenezwa kwa magamba ya kamba na gegedu la wanyama na ambavyo jamaa wa ughaibuni humtumia mama yao nyumbani, vilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583. Mwaka 2006 matokeo yalionyesha kwamba 60.1 kwa mia ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata nafuu, na waliopewa glukosamini ni 64.0 kwa mia, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, hilo halina ubishi. Lakini watu 140 walipochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakipata steroidi na nusu maji ya chumvi, maumivu yao mwishoni hayakutofautiana, na gegedu la waliopata steroidi lilipungua zaidi. Hiyo ilikuwa mwaka 2017. Mwaka 2021 zamu ikawa ya damu ya mgonjwa mwenyewe, inayozungushwa kwenye mashine ili kukusanya chembe sahani kisha kurudishwa gotini, huduma inayouzwa kwa bei ya juu katika kliniki za miji mikubwa. Watu 288 wa Melbourne na Sydney. Baada ya mwaka, maumivu ya waliochomwa damu yalishuka kwa alama 2.1 katika kumi. Ya waliochomwa maji ya chumvi yalishuka kwa 1.8.

Hayo maji ya chumvi ndiyo mhusika wa ajabu kuliko wote katika sura hii. Mwaka 2022 watafiti wa Copenhagen waliwachukua wagonjwa 206, nusu wakawapa mafunzo na mazoezi ya wiki nane ambayo Denmark inayajivunia, nusu wakawachoma sindano za maji ya chumvi huku wakiwaambia waziwazi kwamba ni maji ya chumvi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikufikia kiwango cha kutiliwa maanani.

Anayeipenda fiziotherapia, na mwandishi wa sura hii ni mmoja wao, hana budi kulimeza hilo bila kukunja uso. Maelezo mojawapo ni kwamba maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Mtu humwendea tabibu siku yamepanda kabisa. Wiki chache baadaye yangeshuka hata kama angebaki nyumbani. Anayekuwa karibu naye wakati huo, awe daktari wa Copenhagen au mzee wa Balambala, huku Garissa, mwenye chuma cha moto, ndiye hupewa sifa.

Na huku chuma cha moto kipo. Kuwachoma ngozi wagonjwa kwa ncha ya chuma au ukuni wenye kaa ni tiba ya zamani ya wafugaji wa Kisomali, na makovu madogo ya mviringo pande mbili za goti huonekana kwa wazee wengi. Hijama, yaani kuumika kwa kutoa damu, nayo imeshamiri mijini, kwa wanaoifuata kama sunna na kwa wanaotaka nafuu tu. Kuumika kumeshajaribiwa: mwaka 2012 watafiti wa Berlin waliwaumika wagonjwa 40 wa goti kwa mashine inayovuta ngozi bila kutoa damu, na waliotibiwa walisema maumivu yamepungua kuliko wale waliosubiri bila tiba. Ila waliosubiri walijua wanasubiri. Baada ya Houston, ushahidi wa namna hiyo hautoshi tena, kwa hijama wala kwa daktari wa upasuaji.

Dawa inayonywewa zaidi kwa ajili ya magoti huku ni diklofenaki, kidonge kinachopatikana katika kila duka la dawa, na wakati mwingine katika duka lisilo la dawa, bila karatasi ya daktari. Je, inafanya kazi? Inafanya. Watafiti wa Bern, Uswisi, walikusanya majaribio yenye wagonjwa zaidi ya 58,000 na kuonyesha mwaka 2016 kwamba diklofenaki ya miligramu 150 kwa siku ni miongoni mwa vidonge vyenye nguvu zaidi kwa maumivu ya goti na nyonga, na kwamba parasetamoli peke yake haifui dafu. Kinachoachwa nje ya mazungumzo ya dukani ni moyo, tumbo na figo. Dawa za kundi hili huzuia kemikali ambazo figo huzitegemea ili damu iendelee kupita humo mwili unapokosa maji. Sasa fikiria mwezi wa Ramadhani, joto la Garissa limepita nyuzi 35, mtu ana umri wa miaka 65 na presha, na amekunywa kidonge chake wakati wa daku ili apate kusimama tarawehe. Majaribio ya kliniki hayamwoni mtu huyo, kwa sababu wenye figo dhaifu huondolewa kabla jaribio halijaanza. Dawa hiyohiyo ikiwa ya kupaka hutuliza goti karibu sawa na kidonge, na huingia katika damu kidogo sana. Mwongozo wa Uingereza wa Oktoba 2022 unaitaja ya kupaka kwanza, kabla ya kidonge chochote.

Kuondolewa huko kabla ya kuanza kunahitaji kutazamwa kwa kituo, kwani Kaskazini Mashariki ndipo kunapouma zaidi. Kila jaribio lina orodha ya wasiotakiwa: mwenye maambukizi ya kiungo, mwenye homa, mwenye ugonjwa mwingine wa maungio. Houston au Copenhagen wanaotolewa kwa sababu hizo ni wachache. Mandera na Wajir, watu hao huenda ndio wamejaa kwenye benchi la kliniki.

Kwanza ni brusela. Bakteria huyu hupitia maziwa mabichi na kondo la nyuma la mnyama aliyetupa mimba, naye hupenda viungo vikubwa: nyonga, uti wa mgongo, goti. Utafiti uliofanywa mwaka 2012 na 2013 ulikuta dalili za maambukizi katika damu ya karibu nusu ya watu waliopimwa Marsabit, kaunti inayopakana na Wajir. Kiambu ilikuwa kama wawili tu kwa mia. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine uliofanyika Garissa kwenyewe na Tana River, ukionyesha kwamba maambukizi ya mifugo na ya watu yanakwenda pamoja. Kwa hiyo goti lililovimba la mtu anayekunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa lina haki ya kushukiwa.

Lakini shaka hiyo nayo ina hasara yake. Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vingi vya afya nchini kilichunguzwa katika hospitali za Busia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano aliambiwa ana brusela. Kipimo cha kuaminika zaidi kilithibitisha wachache mno. Hesabu maana yake kwa goti. Bibi mwenye osteoathraitisi ya kawaida anapimwa, jibu linatoka chanya, anaanzishwa doksisaiklini ya wiki sita, pengine pamoja na sindano za streptomaisini, dawa inayoweza kuharibu masikio. Maumivu yake yanashuka kidogo, kama yalivyoshuka kwa waliochomwa maji ya chumvi, na kila mtu anaamini ilikuwa brusela. Yakipanda tena, wanasema imerudi.

Kisha kuna chikungunya. Mwaka 2016 virusi hivyo vilizuka Mandera, mji uliopakana na Bula Hawa ya Somalia, na kufikia mwisho wa Juni wagonjwa zaidi ya 1,700 walikuwa wameandikishwa, wakiwemo wahudumu wa afya wengi waliopaswa kuwatibu wenzao. Lamu, jirani wa Garissa upande wa pwani, iliyaona hayo mapema: mlipuko wa mwaka 2004 ulifikia takriban robo tatu ya watu wa kisiwa cha Lamu. Homa huondoka kwa wiki moja. Viungo vinaweza kuuma kwa miezi, na kwa baadhi ya watu kwa miaka, hasa waliopita makamo na waliokuwa na osteoathraitisi tangu awali. Ongeza kifua kikuu cha goti, ambacho hulivimbisha polepole bila moto mwingi, na utaona kwa nini mtafiti anayetaka kundi safi la wagonjwa angepata kazi ngumu huku.

Faraja ni kwamba kulitambua goti la osteoathraitisi mara nyingi hakuhitaji mashine. Mwongozo uleule wa Uingereza unasema picha haihitajiki kwa kawaida ikiwa mtu ana miaka 45 au zaidi, goti linauma anapolitumia, na ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa. Hapo mhudumu wa Garissa ana maswali ya kuongeza: je, kuna homa, jasho la usiku, uzito unaopungua, goti moja lenye joto, maziwa mabichi, mnyama aliyetupa mimba bomani, mlipuko wowote mtaani mwaka huu? Hayo ni maswali ya dakika tano. Yanahitaji mtu aliyefundishwa kuyauliza na kushika goti. Miaka ya 2010 mradi ulioitwa UWEZO, wa madaktari wa Nairobi akiwemo Omondi Oyoo pamoja na wenzao wa nje kama Anthony Woolf wa Uingereza, uliandaa wakufunzi Wakenya, nao wakawafundisha mamia ya wahudumu wa ngazi ya chini nchini namna ya kuchunguza misuli na viungo. Ni utafiti wa aina nyingine: walipima maarifa ya wahudumu kabla na baada ya mafunzo, bila kidonge kuhusika, na katika mazingira haya huenda una faida kubwa kuliko jaribio la sindano mpya.

Tukirudi kwa kilichobaki kimesimama, ni mazoezi na uzito. Pamoja na doa la Copenhagen, mazoezi yana ushahidi mwingi kuliko tiba nyingine yoyote ya goti, na yalipopambanishwa moja kwa moja na sindano ya steroidi katika hospitali za jeshi la Marekani, wagonjwa 156, matokeo ya mwaka 2020 yaliwapa ushindi wa wazi waliofanyishwa fiziotherapia: baada ya mwaka mmoja alama zao za WOMAC zilikuwa 37.0, na za wenzao 55.8, katika kipimo ambacho kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Kuhusu uzito, kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. North Carolina mwaka 2013, watu 454, waliochanganya lishe na mazoezi kwa miezi 18 walipunguza 11.4 kwa mia ya uzito na maumivu yao yakashuka kuliko ya waliofanya kimoja tu. Na Oktoba 2024 ikaja semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, iliyojaribiwa kwa watu 407 katika nchi 11: alama za maumivu zilishuka kwa 41.7 katika mia, dhidi ya 27.5 kwa waliochomwa sindano tupu.

Uzito ni mada inayohitaji adabu kwa Wasomali, ambao kwao mwanamke mnene ni dalili ya nyumba yenye neema. Lakini maisha yamegeuka. Aliyekuwa akihama na ngamia, akikusanya kuni, kusuka mikeka na kusimamisha nyumba ya miti na ngozi kwa mikono yake, sasa anakaa mtaani Garissa, anakula wali, baasto (tambi) na chai ya sukari nyingi, na usalama na heshima vinamweka ndani. Utafiti wa Oslo uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu theluthi mbili ya wanawake wa Kisomali waliopimwa huko wana uzito uliozidi. Ukimwambia mtu huyo aende kukimbia barabarani, umempa ushauri usiotekelezeka. Mazoezi ya goti yanafanyika chumbani: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, mara tatu, kukaza paja huku mguu umenyooshwa mkekani, kutembea uani baada ya Alasiri.

Je, sijda zenyewe haziumizi goti? Swali hilo huulizwa sana kimyakimya. Watafiti wa Uturuki walichapisha mwaka 2008 ulinganisho wa watu walioswali kwa miaka mingi na wasioswali, na hawakuona kwamba swala imechakaza magoti au nyonga. Utafiti wa Beijing wa mwaka 2004, kwa upande mwingine, ulihusisha kuchuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani na osteoathraitisi uzeeni. Tofauti ya sekunde na saa ni kubwa. Kama kuna mkao wa kuutilia shaka huku, basi ni ule wa kukamua mbuzi au kufua nguo kutwa umechuchumaa. Kukamua ngamia hakumo, maana mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya paja la mguu uliokunjwa, na kama angepimwa, matokeo yake yangesisimua maabara yoyote ya mwendo wa binadamu.

Linabaki goti la bandia. Kwa goti lililokwisha kabisa, huu ndio upasuaji ambao majaribio hayakuuangusha. Denmark, mwaka 2015, wagonjwa 100: nusu walibadilishiwa goti kisha wakafanyishwa mazoezi, nusu wakabaki na mazoezi, lishe na dawa. Waliopasuliwa walipata nafuu mara mbili ya wenzao. Pia walipata madhara makubwa 24, wenzao 6. Na kati ya 50 walioanza bila upasuaji, 13 tu ndio waliokuwa wameuomba ndani ya mwaka, yaani karibu robo tatu walivuka mwaka bila kisu. Kwa familia inayouza ngamia ili mzazi apelekwe Nairobi au India, namba hiyo ya mwisho ina thamani ya pesa taslimu.

Swali ambalo mgonjwa wa Garissa humwuliza daktari wa upasuaji kabla ya bei ni kama ataweza kusujudu. Magoti mengi ya bandia hukunja nyuzi 110 hadi 120, na sijda pamoja na tahiyatu huhitaji zaidi sana ya hapo. Viwanda vikaleta aina maalumu ya kukunja zaidi, ikitangazwa kwa ajili ya Asia na nchi za Waislamu. Mwaka 2005 daktari Young-Hoo Kim wa Seoul alitoa matokeo ya jaribio lenye werevu wa pekee: wagonjwa 50 waliohitaji kubadilishiwa magoti yote mawili, kila mmoja akawekewa goti la kawaida mguu huu na goti la kukunja zaidi mguu ule. Baada ya miaka miwili, la kawaida lilikunja nyuzi 135.8 na lile maalumu 138.6, tofauti ambayo mwenye magoti hawezi kuihisi. Magoti ya Wakorea hao yalikuwa yakikunja vizuri tangu kabla ya upasuaji, na hicho ndicho kigezo kinachotabiri kuliko chapa ya chuma: goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limekakamaa kwa kawaida hutoka likikunja kidogo kuliko lililoingia likikunja vizuri. Anayesubiri miaka kumi kwa vidonge vya dukani huku goti likizidi kukakamaa anapoteza mkunjo ambao hakuna daktari atakayemrudishia, na swala yake itaendelea juu ya kiti, ambayo dini inamruhusu bila kumpunguzia kitu.